Brokoli ya Kichina: Mboga ya Shina

Anayejua kulima sukuma wiki amekwisha kujua nusu ya kazi ya kulima brokoli ya Kichina. Nusu ya pili ndiyo inayowashinda wengi, nayo haitokani na mbegu wala udongo, bali mazoea. Sisi tumezoea mboga za majani: tunapanda, tunachuma majani ya chini, tunauacha mche urefuke huku tukiendelea kuchuma miezi na miezi. Ukiifanyia hivyo mboga hii utaishia na majani magumu yenye uchungu na shina jembamba kama la mchicha uliozeeka, kisha utasema haina ladha. Kinacholimwa hapa ni shina. Jani lipo ili kulilisha shina, na kitumba cha ua ni alama tu kwamba shina limefika wakati wake. Kila ushauri utakaousoma hapa chini, tangu kusia mpaka kupakua, unatokana na hilo.

Wakantoni wa kusini mwa China huiita gai lan, Wamalesia na Waindonesia kailan, Wathai khana. Kwenye pakiti za mbegu utakutana na majina hayo yote, na mmea ni mmoja. Hapa nitaiita kailani. Kitaalamu ni Brassica oleracea, spishi ileile ya sukuma wiki, kabichi, koliflawa na brokoli tuliyoizoea. Wakulima wa nchi mbalimbali waliuchukua mmea huo na kila mmoja akachagua mbegu za sehemu aliyoipenda: huyu jani, yule kichwa, mwingine ua changa. Kusini mwa China walichagua shina. Mshairi Su Shi, aliyepelekwa uhamishoni Huizhou, mkoani Guangdong, mwaka 1094, aliitaja kailani katika shairi la bustani ya mboga baada ya mvua, na alichokisifu ni jinsi inavyotafunika. Karne tisa zimepita na wapishi wa huko bado wanaihukumu kwa kigezo hichohicho. Hata ile brokoli nyembamba ya vikonyo virefu inayouzwa ghali katika supamaketi za Ulaya na Marekani ni mtoto wake: kampuni ya mbegu ya Sakata ya Japani iliipata kwa kuzalisha kailani pamoja na brokoli ya kawaida, na utamu wa vikonyo vile umetoka kwa kailani.

Kwa bustani ya nyumbani naipendelea kailani kuliko brokoli ya kawaida, wala sisiti kusema hivyo. Brokoli hukaa shambani muda mrefu, inataka baridi, inakupa kichwa kimoja kisha vichipukizi vidogo. Kailani huvumilia joto vizuri zaidi, huanza kuvunwa siku 50 hadi 70 tangu kusiwa, na eneo dogo tu la nyuma ya jiko linaitosha.

Hustawi vizuri kwenye nyuzi 18 hadi 28 za Selsiasi. Kwa hiyo Limuru, Lushoto, Njombe na nyanda nyingine za juu zinaweza kuilima karibu mwaka mzima maadamu maji yapo. Walioko Mombasa, Tanga, Dar es Salaam na Zanzibar wasie kati ya mwisho wa Aprili na Juni, ili shina linenepe katika miezi ya ubaridi. Ukisia Desemba pwani, joto la Februari litaiharakisha kutoa maua shina likiwa bado jembamba kama penseli. Kwa ndugu zetu wa Oman na Ghuba msimu ni kuanzia Oktoba. Walioko Ulaya na Amerika ya Kaskazini wana tatizo jingine, siku ndefu za kiangazi, ambazo nazo huikimbiza kwenye maua. Mavuno yao bora ni ya mbegu zilizosiwa mwishoni mwa Julai au Agosti, na baridi nyepesi ya vuli huizidishia utamu.

Shina nene hutengenezwa na mambo mawili: chakula cha kutosha na maji yasiyokatika. Andaa tuta kwa samadi iliyooza sawasawa au mboji, ndoo ya lita 20 kwa kila mita mbili za mraba, ukaichanganye na udongo wa juu. Samadi ya kuku ni nzuri lakini ni kali. Ikiwa bado inanuka, iache iendelee kuoza. Usipande mahali palipokuwa na sukuma wiki, kabichi au figili misimu ya karibuni. Hao wote ni ukoo mmoja, na magonjwa ya ukoo hubaki udongoni. Mbaya kuliko yote ni ule ugonjwa wa uvimbe wa mizizi, ambao ukishaingia hukaa miaka mingi na hupenda zaidi udongo wenye tindikali. Mahali palipotoka maharage, kunde au vitunguu panafaa sana.

Mbegu zisie moja kwa moja tutani, kina cha sentimita moja, mistari ikiachana sentimita 30. Zitaota ndani ya wiki moja. Unaweza pia kuanzia kitaluni na kuhamisha miche ikiwa na majani manne au matano, lakini usiicheleweshe: mche uliokaa kitaluni mpaka ukasongamana hutoa ua mapema, na ukishaanza hakuna mbolea itakayourudisha. Miche iliyoota tutani ipunguze hatua kwa hatua mpaka ibaki sentimita 15 hadi 20 kati ya mmoja na mwingine. Ile uliyoing'oa usiitupe. Mizizi ikikatwa ni mboga laini sana ya kukaangwa kwa dakika moja.

Kwa asiye na shamba, ndoo kuukuu ya lita 20 iliyotobolewa chini inabeba miche mitatu bila taabu. Kwenye bustani ya gunia ningeipanda juu tu, mashimo ya ubavuni nikayaachia sukuma wiki, kwa sababu udongo wa ubavuni hukauka upesi na shina huota likiwa limepinda. Na usisie pakiti nzima siku moja. Kailani iliyosiwa pamoja huiva pamoja, utakuwa na karamu ya wiki moja kisha njaa. Sia mstari mmoja, subiri wiki mbili au tatu, sia mwingine.

Mizizi yake haiendi mbali chini. Ndiyo maana siku chache za ukavu, ambazo sukuma wiki ingezisamehe, kwa kailani zinaacha alama ya kudumu: shina hujenga nyuzi ngumu kujihami, na nyuzi hizo haziondoki hata ukirudisha maji kesho yake. Mwagilia mpaka unyevu ufike chini, asubuhi kwa kawaida, na tandaza nyasi kavu au majani ya mgomba kuzunguka miche. Wiki tatu hivi baada ya kuota, mti ukiwa umeshika kasi, uongezee chakula: samadi iliyolowekwa na kuchujwa, au mbolea ya naitrojeni ya dukani kwa kiasi kidogo, pembeni mwa mche, kisha maji.

Sasa chukua jani la kailani changa ulisugue kwa kidole gumba. Utaona linabadilika kutoka kijani cha kijivujivu na kuwa kijani kibichi kinachong'aa. Ulichokiondoa ni nta. Tone la maji likiangukia jani hilo hujiviringa na kudondoka, na dawa nayo hivyohivyo. Watu wengi hutwanga mwarobaini, hupulizia, hawaoni tofauti, wakalaumu mwarobaini, kumbe dawa yote iliteremka ardhini. Weka sabuni ya maji kidogo, kijiko cha chai kwa lita mbili au tatu, ili dawa ishike, na pulizia zaidi upande wa chini wa jani, jioni jua linapopungua.

Upande huo wa chini ndiko anakokaa adui mkubwa, kiwavi mdogo wa kijani asiyezidi sentimita moja na kidogo, mtoto wa nondo anayeitwa almasi kwa sababu ya alama zilizo mgongoni. Ukimgusa hujinyonganyonga kwa fujo, akarudi kinyumenyume, mara nyingine akajiangusha na kuning'inia kwa uzi. Anakula jani kutoka chini na kuacha ngozi nyembamba ya juu, kama vijidirisha. Nakuomba usikimbilie dawa kali za dukani. Nondo huyu ni maarufu duniani kote kwa kuzizoea dawa, na unachofanikiwa kuua ni marafiki zako. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, watafiti wa icipe, kituo cha utafiti wa wadudu jijini Nairobi, walileta kutoka Taiwan nyigu mdogo sana, Diadegma semiclausum, anayetaga yai ndani ya kiwavi huyo, na wakamwachilia katika mashamba ya kabichi ya nyanda za juu za Kenya. Alienea, na nondo wakapungua. Nyigu huyo hahimili dawa ambayo nondo ameshaizoea. Kwa tuta la nyumbani, chandarua chenye matundu madogo kilichowekwa tangu siku ya kwanza kinamaliza sehemu kubwa ya tatizo, na kuokota viwavi kwa mkono kila jioni kunamaliza iliyobaki. Ukihitaji dawa, tafuta ile ya bakteria aina ya Bt, inayoua viwavi na kuwaacha nyigu.

Vidukari hujikusanya kwenye vitumba na kwenye majani ya katikati. Wabandue kwa maji ya nguvu mapema, kabla hawajafunika shina. Sota hukata miche usiku juu kidogo ya ardhi, fukua hapo shinani asubuhi utamkuta amejikunja. Ukiona madoa ya njano yenye umbo la V yakianzia ukingoni mwa jani na kuingia ndani, huo ni uozo mweusi. Ng'oa mmea wote, utoe bustanini, usiuweke kwenye mboji, wala usiguse majani mengine yakiwa yamelowa.

Mavuno ndiyo mahali ambapo kazi yote huharibika au hukamilika. Katika wiki zote hizi usichume jani hata moja isipokuwa lililougua. Subiri mpaka shina liwe na unene wa kidole gumba hivi na kichwa cha vitumba kinyanyuke kufika usawa wa majani ya juu. Wakati mzuri kabisa ni pale vitumba vikiwa vimefumba, au ua moja au mawili meupe yameanza kufunguka. Maua yakishachanua yote umechelewa. Kata asubuhi na mapema kwa kisu kikali, mkato wa mshazari ili maji yasituame, urefu wa sentimita 15 hadi 20 kutoka juu, na uache majani matatu au manne kwenye kisiki.

Itazame sehemu uliyoikata. Ikiwa ni ya kijani kibichi, imelowa na inapitisha mwanga kidogo, shina ni laini mpaka mwisho. Ukiona kiini cheupe kikavu katikati, au tundu, hapo chini pamekomaa. Bonyeza kwa ukucha ukipanda juu, mahali ukucha unapozama bila kubishana ndipo mboga inapoanzia. Kagua hivyohivyo unaponunua sokoni.

Kile kisiki ulichokiacha kipe maji na mbolea siku hiyohiyo. Kwenye kila kikonyo cha jani kitatoka kichipukizi, chembamba kuliko shina la kwanza lakini kitamu vilevile, na utavuna tena mara mbili au tatu.

Jikoni, tatizo ni kwamba shina na jani haviivi pamoja. Ukitupa mboga nzima sufuriani, ama utakula shina bichi ama jani lililokuwa rojo. Loweka kwanza kwenye maji ya chumvi kwa dakika kumi ili wadudu waliojificha watoke, kisha osha. Menya ngozi ya sehemu ya chini ya shina, kama sentimita nne au tano, na mashina manene yapasue kwa urefu. Tenga majani makubwa.

Pishi la msingi la Kikantoni ni jepesi. Chemsha maji mengi, lita mbili kwa fungu la nusu kilo, uweke chumvi kijiko cha chai, sukari nusu kijiko, na mafuta kijiko kimoja. Sukari inapoza ule uchungu mdogo wa kailani, mafuta yanayapa majani mng'ao. Maji yakitokota kwa nguvu weka mashina, hesabu dakika moja, ongeza majani, dakika moja na nusu nyingine, toa. Chuja vizuri sana. Maji yaliyobaki kwenye majani ndiyo yanayoharibu sosi. Usifunike sufuria, rangi itafifia. Kwenye kikaango kidogo, kaanga punje tatu za kitunguu saumu zilizokatwakatwa mpaka zipate rangi ya dhahabu, weka vijiko viwili vya chakula vya sosi ya chaza, kijiko kimoja cha sosi ya soya, sukari kidogo na vijiko vitatu vya maji. Ikichemka mwagia juu ya mboga, upakue mara moja na wali mweupe.

Sosi ya chaza ni ya Guangdong pia: Lee Kum Sheung alianza kuiuza mwaka 1888 katika mji mdogo wa Nanshui, na leo inapatikana kwenye supamaketi kubwa za miji yetu. Soma kibandiko kabla ya kununua. Sosi nyingi zina ngano, na kwa wasiokula chaza kuna ile ya uyoga ambayo inafaa vizuri. Mapishi mengi ya Kichina hutia pia mvinyo wa mchele. Asiyetumia kileo aache tu, tangawizi iliyopondwa inatosha. Ukitaka ndimu, kamulia mezani. Ikiingia motoni hugeuza kijani kuwa rangi ya kaki.

Ukipenda kukaanga moja kwa moja, tumia karai, na moto uwe mkali kweli. Jiko la mkaa lililokolea linaifanya kazi hii vizuri kuliko jiko dogo la gesi. Pika kidogo kidogo, mkono mmoja au miwili ya mboga kwa mara, kwa kuwa karai lililojaa halikaangi, linachemsha.

Pishi ninalolipenda kuliko yote, na ninalotamani watu wa pwani walijaribu, ni kailani na samaki wa chumvi. Wamalesia huliita kailan ikan masin, Wathai wana lao, khana pla khem, na sisi samaki tunaye tayari: ng'onda, au nguru wa chumvi. Mloweke nusu saa, mkaushe, mtoe miiba, mkate vipande vidogo kama punje za mahindi. Mkaange kwa mafuta ya kutosha mpaka akauke na kulia chini ya kijiko, mtoe. Katika mafuta hayohayo weka kitunguu saumu na pilipili mbuzi moja iliyopasuliwa, kisha mashina yaliyokatwa mshazari. Koroga dakika mbili, ukinyunyizia maji kidogo. Tia majani, koroga mpaka yalegee, mrudishe samaki, epua. Usiongeze chumvi. Uchungu mdogo wa shina na chumvi ya samaki vinakutana kwa namna ambayo wali wa nazi pembeni unazidi kuipendezesha.

Nazi kwenye mboga yenyewe siishauri, kwa sababu tui linataka muda na shina halitaki. Anayeitamani achemshe mashina kama nilivyoeleza, apike tui zito peke yake na kitunguu, avikutanishe mwishoni. Yale majani makubwa ya nje, ambayo ni magumu kidogo, yakate nyembamba uyapike kwa kitunguu na nyanya kama sukuma wiki. Hayapotei bure.

Ikiwa hupiki siku hiyo, funga mboga kwa kitambaa chenye unyevu ndani ya mfuko na uiweke kwenye friji. Itakaa karibu wiki. Bila friji, simamisha mashina kwenye bilauri ya maji kivulini, na yapike kesho yake. Neno moja kwa wanaotumia dawa ya warfarin ya kuzuia damu kuganda: kailani, kama mboga nyingine za kijani, ina vitamini K nyingi, inayopunguza nguvu ya dawa hiyo. Huhitaji kuiacha, ila usile nyingi wiki hii na kuacha wiki ijayo. Kula kiasi kilekile kila wiki, na umweleze daktari wako.

Mwisho ni mbegu, na hapa kailani ina neema ambayo kabichi haina. Kabichi inahitaji baridi ya muda mrefu ndipo ichanue, ndiyo maana wakulima wetu wa kawaida hawazalishi mbegu zake. Kailani huchanua yenyewe. Chagua miche sita au zaidi iliyo bora, yenye shina nene na iliyochelewa kutoa ua, usiivune. Isiwe mmoja peke yake, kwa sababu ua la kailani mara nyingi halikubali chavua ya mmea wake wenyewe. Hakikisha hakuna sukuma wiki, brokoli wala kabichi inayochanua jirani wakati huo. Nyuki atachanganya, na watoto hawatafanana na mama. Mbegu za chotara zenye alama ya F1 usihangaike kuzihifadhi. Maganda yakigeuka rangi ya udongo na kuanza kukauka, kata matawi yote kabla hayajapasuka, yaning'inize kichwa chini ndani ya mfuko wa karatasi, mahali pakavu. Baada ya wiki mbili yapondeponde kwa mkono, pepeta, acha mbegu zikauke siku chache zaidi kivulini. Ndani ya chupa iliyofungwa vizuri, mahali penye giza na ubaridi, zitaota vizuri kwa miaka mitatu au minne. Andika mwaka kwenye chupa.